Kijitabu cha Elisabethville na Safari Yake hadi Intaneti

Anayetaka kujua intaneti inaweza kumfaa nini mwanafunzi wa Katanga asianzie kwenye mitambo. Aanzie kwenye kijitabu kilichopigwa taipu mwaka 1965. Mwaka huo André Yav, akitumwa na chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, alikusanya historia ya Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, akaiita Vocabulaire de ville de Elisabethville. Ni historia ya mji kama walivyoiona wapishi na maboi.

Lugha yake ni Kiswahili cha Katanga, si kile cha vitabu vya shule. Tahajia yake ina matatizo: maneno yameungana pasipostahili, mengine yamekatwa katikati, hata asomaye kwa macho tu hupotea. Johannes Fabian, aliyewahi kufundisha Lubumbashi, alipoyaandaa maandishi hayo alimwomba Kalundi Mango ayasome kwa sauti. Ndipo maneno yakaachana na maana ikajitokeza. Kitabu kilitoka Amsterdam mwaka 1990, kwa bei ambayo mshahara wa mwalimu wetu hauiwezi.

Mwaka 2001 matini hiyo iliwekwa bure kwenye intaneti, katika hifadhi ya Kiswahili iliyoasisiwa na Fabian na Vincent de Rooij. Tafsiri yake ni ya Kiingereza, ilhali mwanafunzi wetu hufundishwa Kifaransa. Lakini huyu hahitaji sana tafsiri. Wakati huo nchi ilikuwa vitani. Hata sasa, mamia ya kilomita kaskazini mwa Lubumbashi, mtandao wa simu haufiki kila kijiji cha Mitwaba.

Hata hivyo matini isiyo na picha ni nyepesi kuliko wimbo mmoja. Mwalimu aliyeshuka Lubumbashi aweza kuihifadhi katika kadi ya simu, akapiga chapa kurasa chache na kurudi nazo. Darasani isomwe kwa sauti, kama alivyofanya Kalundi Mango, na wanafunzi wenyewe watafute neno linapoanza na linapoishia. Zoezi hilo la sarufi halitoki nje ya sheria: ile ya elimu ya mwaka 2014 inazitambua lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia na pia masomo.

Yav aliandika habari za mji. Wazee waliochimba bati Mitwaba nao wana yao, na simu ileile iliyoleta kijitabu inaweza kunasa sauti zao.