Jina Linapogeuka Neno: Alama ya 'Aspirin' Ugenini, 1899–1921

Utangulizi

Wanaisimu wamezoea kulichungua neno likiwa katika sentensi, katika kamusi, au kinywani mwa msemaji. Ni mara chache tunapolichungua likiwa katika daftari la serikali, ambamo limeandikishwa kuwa mali ya kampuni. Hata hivyo, alama ya biashara iliyoundwa kwa neno ni kiumbe cha lugha kwanza, na cha sheria baadaye. Makala hii inakusudia kuonyesha, kwa kufuata historia ya alama moja, kwamba kuandikisha jina katika nchi ya kigeni ni kazi ya mawakili, lakini kudumu kwake huko huamuliwa na wasemaji. Mwishoni tutatazama jinsi jambo hili linavyotuhusu sisi tunaoshughulika na Kiswahili.

Kuundwa na kuandikishwa kwa jina

Mnamo tarehe 6 Machi 1899 kampuni ya Bayer ya Ujerumani iliandikisha mjini Berlin jina Aspirin, liwe alama ya dawa yake mpya ya kutuliza maumivu na homa. Jina hilo halikuokotwa barabarani. Herufi ya kwanza ilitoka katika neno asetili. Silabi ya kati ilitoka katika jina la Kijerumani la asidi inayohusiana na mmea wa Spiraea. Na kiishio -in kilikuwa cha kawaida katika majina ya dawa za wakati huo. Wanakemia waliiita dawa yenyewe asidi ya asetilisalisili. Yafaa msomaji akumbuke urefu wa jina hili la pili, kwa maana ndilo lililoamua mambo hapo baadaye.

Mwaka uo huo jina liliandikishwa Marekani pia. Mkataba wa Paris wa 1883 ulikuwa umekwisha kuzitaka nchi wanachama zimtendee mwenye alama wa kigeni sawasawa na mwenyeji. Lakini haukufanya maandikisho ya nchi moja yawe na nguvu katika nchi nyingine. Mapatano ya Madrid ya 1891 yalifungua njia ya ombi moja kwa nchi nyingi, ila Marekani haikuingia katika utaratibu wa Madrid mpaka 2003. Hivyo kila nchi ilikuwa na mlango wake, na mfanyabiashara hakuwa na budi kuubisha mmoja mmoja.

Pamoja na alama, Bayer ilipata Marekani, mwaka 1900, hataza, yaani haki ya kuwa mtengenezaji pekee wa dawa hiyo kwa muda wa miaka 17. Haki hizi mbili hazifanani. Hataza hulinda kitu na ina mwisho. Alama hulinda jina na yaweza kudumu daima ikitunzwa. Lakini kwa miaka hiyo 17 kitu kilikuwa na mtengenezaji mmoja na jina moja, na mnunuzi hakuwa na sababu ya kuvitenganisha.

Jina mdomoni mwa wanunuzi

Kwa muda mrefu Bayer haikuwauzia Wamarekani dawa hii moja kwa moja. Iliuza unga kwa wauza dawa na kwa watengenezaji wengine, nao wakaufinyanga kuwa vidonge, wakavitia katika chupa zenye majina yao wenyewe na neno aspirin. Daktari na mwuza dawa walijua kwamba unga ulitoka kwa Bayer. Mgonjwa hakujua. Kwake yeye, aspirin ilikuwa ni kile kidonge kinachoondoa maumivu ya kichwa, wala hakuwa na neno jingine la kukiitia. Hatuwezi kutazamia kwamba mtu mwenye homa aende dukani kuomba asidi ya asetilisalisili.

Mwaka 1915, hataza ikikaribia kwisha, kampuni ilianza kuuza vidonge vyake yenyewe. Kibandiko cha chupa kilisema, kwa maana, 'Bayer: vidonge vya aspirin'. Mwanasarufi ataona mara moja kasoro iliyomo. Katika kirai hicho nomino ya pekee ni Bayer; aspirin imekaa mahali pa nomino ya kawaida, kama vile tusemavyo 'vidonge vya kwinini'. Kampuni yenyewe, kwa sarufi ya kibandiko chake, ilikuwa imekubali matumizi yaliyokuwa yakiiponza.

Vita na hukumu

Vita vya kwanza vya dunia viliingia katikati ya mambo haya. Huko Uingereza alama ilibatilishwa mwaka 1915 kwa sababu mwenyewe alikuwa adui. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, mali ya Bayer iliyokuwa nchini humo ilikamatwa, na mwezi Desemba 1918 ikauzwa mnadani kwa kampuni ya Sterling Products kwa zaidi ya dola milioni 5.

Sterling ilidhani kwamba imenunua jina. Mwaka 1921, katika kesi baina ya Bayer Company na United Drug Company, Jaji Learned Hand aliamua vingine. Swali alilojiuliza lilikuwa la semantiki: wanunuzi wanafahamu nini walisikiapo neno hili? Akagawanya jamii ya wasemaji mafungu mawili. Kwa watengenezaji, madaktari na wauza dawa, waliokuwa na jina la kikemia, Aspirin ilibaki kuwa alama ya Bayer. Kwa umma, aspirin ilikuwa jina la dawa, na kila mtu aliruhusiwa kulitumia. Neno moja, katika nchi moja, likawa nomino ya pekee kwa kundi moja na nomino ya kawaida kwa kundi jingine.

Nchini Ujerumani na Kanada jina hilo lingali alama ya Bayer. Na huko Marekani kampuni hiyo ililipa dola bilioni 1 mwaka 1994, ilipoinunua biashara ya dawa za madukani ya Sterling, na ndipo ikapata tena haki ya kutumia jina lake yenyewe, Bayer, juu ya dawa hizo.

Fundisho la historia hii

Sheria za leo zina masharti yake ya utunzaji. Marekani humtaka mwenye alama athibitishe, kati ya mwaka wa 5 na wa 6, kwamba bado anaitumia, kisha aihuishe kila miaka 10. Kenya nayo huhuisha kila miaka 10. Lakini ada haiwezi kuliokoa jina lililokwisha kuwa neno la watu wote. Marekani alama ya namna hiyo yaweza kufutwa wakati wowote. Mwenye alama anayetaka kuidumisha ugenini hana budi kuwapa wenyeji majina mawili: lake la pekee, na la kawaida lililo jepesi kutamkika. Asipowapa la pili, watalichukua la kwanza. Kiswahili chenyewe kilitenda hivyo karne ya 19, kilipoliita gamti lililotoka Marekani 'merikani', kikaendelea kuliita hivyo hata lilipotoka kwingine.

Maneno ya Kiswahili katika madaftari ya ng'ambo

Upo pia upande wa pili wa jambo hili. Mwaka 2007 palizuka mjadala mkubwa nchini Kenya juu ya kampuni ya Uingereza iliyoomba kuandikisha huko neno 'kikoy'. Pingamizi liliwekwa, na ombi halikufaulu. Hapa kanuni ya Jaji Hand yafanya kazi kinyumenyume: kikoi ni nomino ya kawaida ya nguo ile ile iliyotakiwa kuwekewa alama. Kamusi ya Johnson ya 1939 inalo neno hilo, na kamusi ya namna hiyo si kitabu cha darasani tu, ni ushahidi.

Usemi 'hakuna matata' ni jambo jingine. Kampuni ya Disney iliomba kuuandikisha Marekani mwaka 1994, ukaandikishwa mwaka 2003 kwa ajili ya fulana, na mwaka 2018 maelfu ya watu wakatia sahihi kuupinga. Usemi huu ulikuwa umekwisha kuenea kabla ya hapo, hasa katika wimbo 'Jambo Bwana' wa Them Mushrooms wa 1982. Hata hivyo, usemi huo si jina la fulana. Kuthibitisha ukongwe wake, kwa hoja hii, hakutoshi kuubatilisha, wala maandikisho hayo hayamzuii msemaji kuutamka. Kinachoumiza ni heshima ya wenye lugha, na heshima haina safu yake katika daftari la alama. Tukichanganya mashauri haya mawili tutashindwa hata lile tunaloweza kushinda.

Hitimisho

Tumeona kwamba hatima ya alama ugenini hutegemea maana ya neno kwa wanaolitumia. Kenya imo katika mkataba wa Paris tangu 1965 na katika utaratibu wa Madrid tangu 1998. Milango iko wazi kwa mafundi na wafanyabiashara wetu, kama ilivyo wazi kwa wageni. Sehemu yetu sisi walimu wa lugha ni kuyaandika majina ya nguo, vyakula, vyombo na dawa kwa ukamilifu: maana yake, mahali yasemwapo, na mwaka yalipoandikwa kwanza. Msajili aliye mbali hawezi kuyasikia yakisemwa sokoni Lamu au Mombasa. Ataamini kile atakachokuta kimeandikwa.