Kapteni Dyett na Kipimo cha Sikio

Mwaka 1919 Carl Seashore, mtaalamu wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani, alitoa vipimo vya kupimia kipaji cha muziki. Mtoto alisikilizishwa sauti mbili kutoka katika sahani ya santuri, akatakiwa kusema kama ya pili ilikuwa juu au chini kuliko ya kwanza. Kadhalika alipimwa jinsi atambuavyo nguvu ya sauti na muda wake, na jinsi akumbukavyo noti alizosikia. Seashore aliamini kwamba uwezo huo mtu huzaliwa nao, wala mafunzo hayauzidishi sana. Mjini Rochester, katika jimbo la New York, vipimo hivyo vikatumiwa kuchagulia wanafunzi wa muziki. Nia ilikuwa njema: isipotee bure juhudi ya mwalimu wala fedha ya mzazi. Lakini ndani ya nia hiyo mlikuwa na hukumu, kwani mtoto aliweza kufungiwa mlango kabla hajashika tarumbeta.

Wakati wanavyuoni wakishindana juu ya jambo hilo, mjini Chicago palikuwa na mwalimu aliyelikabili kwa vitendo. Huyo ni Walter Henri Dyett, aliyezaliwa mwaka 1901. Alianza masomo ya udaktari asiyamalize. Na kwa kuwa alikuwa mpiga fidla, akapata riziki katika okestra ya jumba la senema. Jina la Kapteni lilitokana na kuongoza bendi ya kikosi cha askari weusi cha jimbo la Illinois. Mwaka 1931 akaingia kufundisha katika shule ya Wendell Phillips, na mwaka 1935 akahamia jengo jipya ambalo baadaye liliitwa DuSable. Huko akakaa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Wengi wa wanafunzi wake walikuwa watoto wa jamaa waliohama majimbo ya kusini, wakikimbia dhuluma na kutafuta kazi, wakajikuta wamesongamana upande wa kusini wa mji kwa kuwa mitaa mingine iliwakataa. Dyett aliwalea kwa ukali. Alidai wafike kwa wakati, wasome noti barabara, na kila mmoja ajue sehemu yake. Sikio lake lilisifiwa kwa kumtambua mkosaji mmoja katikati ya bendi nzima. Hakuudharau muziki wa jazi, ambao shule nyingi za zama zile ziliuona duni. Bali kila mwaka aliandaa onyesho lililoitwa Hi-Jinks, na mapato yake yakaisaidia bendi.

Mikononi mwake walipita Nat King Cole, Dinah Washington, Gene Ammons, Johnny Griffin na Von Freeman. Mwanachuoni aweza kupinga, na kwa haki, kwamba orodha ya majina si utafiti: Chicago yenyewe ilijaa muziki, na walioshindwa hawakuhesabiwa. Hata hivyo, mwaka 1937 James Mursell, mtaalamu mwenzake Seashore, alishikilia kwamba muziki si jumla ya vipande vinavyopimwa kimoja kimoja. Darasa la Dyett linaunga mkono shaka hiyo. Santuri ilipima sikio la siku moja. Dyett alipima alichoweza mtoto baada ya miaka ya mazoezi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mmoja wa wanafunzi wake, mpiga besi Richard Davis, alianza mwaka 1977 kufundisha katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, na hivyo malezi yale yakaingia chuoni.

Dyett alifariki mwaka 1969, na shule ikapewa jina lake. Mwaka 2012 wakuu wa elimu wa Chicago waliamua kuifunga hatua kwa hatua, wakitaja matokeo dhaifu. Mwaka 2015 wazazi na majirani walifunga kula kwa siku 34 wakiitetea, na mwaka 2016 ikafunguliwa tena kuwa shule ya sanaa. Basi swali la mwaka 1919 lilirudi katika nyumba yenye jina la Kapteni: je, kipimo kinamwonyesha mwalimu mahali pa kuanzia, au kinamwambia aache? Wazazi wale walijibu kwa njaa yao.