Masjala ya Taswira

Mafundi wa programu wakifika kwenye neno la Kiingereza registry, Kiswahili chao hugawanyika. Wapo wasemao rejista, wapo wasemao ghala, na wengi huliacha lilivyo. Mimi nashika masjala. Rejista ni daftari la kuorodhesha majina, na ghala ni pa kurundika mali. Masjala, kama ajuavyo kila aliyewahi kufuatilia jalada lake serikalini, ina namba kwa kila jalada, ina mtunzaji, na si kila anayeomba hupewa. Tofauti ni kwamba jalada likitoka huacha pengo. Kwenye masjala ya programu hutolewa nakala.

Kinachotunzwa humo ni taswira ya kontena: programu iliyofungwa pamoja na maktaba zake zote, tayari kuendeshwa. Docker ndiyo iliyoueneza utaratibu huu kuanzia mwaka 2013. Taswira hupangwa kwa matabaka, hivyo ukibadilisha msimbo wako peke yake, matabaka yasiyoguswa hayasafirishwi tena. Mwenye bando dogo ataelewa faida yake.

Jukwaa la kuendeshea programu, mfano Kubernetes, halina haja ya kuuona msimbo. Hupewa anwani tu: masjala.mfano.test/malipo:1.4. Kwanza seva ya masjala, kisha jina la taswira, na baada ya nukta mbili, lebo. Usipotaja masjala, Docker huchukulia kuwa ni Docker Hub. Usipotaja lebo, huweka latest, neno ambalo limewaponza wengi, maana halihakikishi hata kidogo kwamba hiyo ndiyo taswira mpya kabisa.

Masjala ya faragha hudai kitambulisho. Kwenye Kubernetes hutajwa katika imagePullSecrets. Ukisahau, programu haiwaki, na utakachoona ni ImagePullBackOff. Ujumbe huohuo hutokea ukikosea herufi moja ya jina, au mgao wako ukiisha, kwa kuwa tangu Novemba 2020 Docker Hub huwawekea wasiolipa kikomo cha kupakua.

Hayo angalau hupiga kelele. Lebo huharibu kimyakimya. Tuseme mwenzako amepeleka taswira mpya kwa lebo ileile ya 1.4. Seva ya kuendeshea programu iliyo na 1.4 ya zamani haitaivuta tena, kwani kwa lebo isiyo latest, kawaida ya Kubernetes ni kuvuta tu pale taswira inapokosekana. Seva iliyoongezwa leo itavuta ile mpya. Jina moja, programu mbili, na mteja yuleyule anaweza kupata majibu mawili tofauti asubuhi moja.

Dawa ni kuiita taswira kwa alama yake ya utambulisho: sha256, kisha herufi na tarakimu 64 zinazokokotolewa kutokana na yaliyomo. Ikibadilika baiti moja, alama nayo hubadilika. Kwa programu inayoshika fedha za watu, andika alama hiyo. Lebo tupu ziachie mazingira ya majaribio.