Mfuko wa Buluu wa Chicago

Tangu sheria ya 2022 iwaagize Wakenya kutenganisha taka zinazooza na zisizooza nyumbani kwao, nimesikia jibu moja tu mtaani: watu wetu hawana hiyo nidhamu, hayo ni mambo ya Wazungu. Haya, twende Chicago.

Desemba 1995, chini ya meya Richard M. Daley, jiji hilo lilianza mpango wa mifuko ya buluu. Unajinunulia mfuko supamaketi, unatia magazeti, chupa na mikebe, unaufunga, halafu unautupa pamoja na takataka zako nyingine kwenye kichochoro cha nyuma. Lori ni lile lile moja. Linabeba kila kitu, linashindilia kila kitu, kisha linaenda kumwaga kwenye kituo ambako wafanyakazi wanaokota mifuko ya buluu kutoka kwenye lundo. Jiji liliipenda hesabu hiyo, maana halikuhitaji lori la pili wala watu wa kuliendesha.

Sasa simama kwenye dirisha la jikoni la mama mmoja wa huko. Ameosha mikebe, amekunja magazeti vizuri. Anaona mfuko wake ukirushwa juu ya nepi na mabaki ya chakula, chuma kinashuka, pwaa! Wiki ijayo ataosha mikebe kweli? Na gazeti likishalowa mafuta na kujaa vipande vya chupa, nani atalinunua? Miaka kumi baadaye, waliokuwa wakishiriki walikadiriwa kuwa takriban asilimia 13. Ingekuwa rahisi kusema hawa watu hawajali.

Lakini 2005 jiji likajaribu kitu kingine mtaa wa Beverly, kusini-magharibi. Nyumba mia kadhaa zikapewa pipa la pili, la buluu, lenye magurudumu, na pipa hilo likawa na lori lake. Ushiriki ukafika karibu asilimia 80. Meya ni yule yule, mvua na theluji ni zile zile. Ni kweli Beverly si mtaa wa maskini, na hilo silipuuzi. Hata hivyo pengo kati ya 13 na 80 haliwezi kuelezwa na mshahara peke yake.

Mifuko ikazikwa 2008. Pesa zikapungua, kwa hivyo mitaa mingine ilipata mapipa na mingine ikabaki ikibeba chupa zake hadi vituoni. 2011 Rahm Emanuel akaligawa jiji kanda sita, akawashindanisha wafanyakazi wa jiji na kampuni za kibinafsi. Safari hii kilichopimwa kilikuwa bei. Mapipa yalienea jiji zima 2013, miaka kumi na minane baada ya mfuko wa kwanza.

Kwenye ploti yetu yaliletwa mapipa mawili mwaka jana, la kijani na la kahawia. Jumanne lori huja moja, na jirani yangu wa ghorofa ya pili huwa amesimama kwenye veranda, analitazama.