Adabu ukumbini: Kelele ya wote na kelele ya mmoja katika jumba la sinema

WAHENGA walinena kuwa kawaida ni kama sheria. Katika jumba la sinema, kawaida iliyo kuu inajulikana na kila mtu: taa zikizimwa, ndimi nazo zitulie. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kununua tiketi anajua jinsi kawaida hii inavyovunjwa. Huyu anamsimulia mwenzake yatakayotokea, yule anapokea simu ili aseme kwamba hawezi kupokea simu, na wa safu ya nyuma anakung'uta mfuko wake wa bisi wakati ambapo mhusika mkuu anakata roho.

Makala haya yanaeleza asili ya adabu ya ukumbini, jinsi ilivyobadilika kutoka kizazi kimoja hadi kingine, na hatua anazoweza kuchukua mtazamaji aliyekerwa. Jambo la kuzingatia tangu mwanzo ni kwamba adabu hiyo si kimya kitupu. Hadhira inayoangua kicheko au kushtuka kwa pamoja haimpokonyi mtu chochote, bali humwongezea raha. Hiyo ni kelele ya wote. Kelele ya mmoja ni ile inayochukua kitu ambacho wengine wamekilipia na kumnufaisha aliyeipiga peke yake.

Chimbuko la kimya

Filamu za kwanza hazikuwa na sauti, lakini kumbi zake zilikuwa na kelele tele. Ndugu wawili wa Kifaransa, Auguste na Louis Lumière, walionyesha filamu zao kwa watu waliolipa kiingilio jijini Paris mnamo Desemba 28, 1895. Katika miaka iliyofuata, picha ziliandamana na muziki wa kinanda, nao watazamaji walizungumza watakavyo. Waliojua kusoma waliyatamka kwa sauti maandishi yaliyotokea kwenye skrini ili kuwafaa wasiojua. Nchini Japani alikuwepo msimulizi maalum, aliyeitwa benshi, ambaye alisimama kando ya skrini akifafanua kisa na kuwasemea wahusika. Baadhi ya wasimulizi hao walipata umaarufu uliowavuta watu ukumbini kuliko filamu yenyewe.

Kero ya siku hizo haikuwa sauti bali kofia. Wanawake wa Ulaya na Marekani walivaa kofia pana zilizopambwa kwa manyoya, na aliyeketi nyuma yao hakuona kitu. Mnamo 1909 mwelekezi wa Marekani, D. W. Griffith, alitengeneza filamu fupi ya kuchekesha kuhusu tatizo hilo, "Those Awful Hats". Humo, mtambo mfano wa kreni unashuka kutoka juu na kuzinyakua kofia, pamoja na mmoja wa wenye kofia. Ilani za kuwaelekeza watazamaji kuhusu tabia njema zilianza kuonyeshwa kwenye skrini tangu enzi hizo.

Mabadiliko makubwa yalikuja Oktoba 1927, ilipozinduliwa filamu ya "The Jazz Singer", iliyokuwa na nyimbo na sehemu za mazungumzo yanayosikika. Filamu ilipoanza kusema, ilibidi hadhira inyamaze, kwa maana neno likikupita halirudi. Ni bayana basi kwamba kimya cha ukumbini hakikuletwa na ustaarabu wa watu fulani. Kilitokana na haja ya kusikia.

Kumbi za Afrika Mashariki

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na desturi zake. Mtafiti Laura Fair, katika kitabu chake "Reel Pleasures" kilichochapishwa mwaka wa 2018, ameeleza jinsi wakazi wa Unguja na miji mingine ya Tanzania walivyozipenda filamu za Kihindi, hasa "Awara" ya mwaka wa 1951 iliyoigizwa na kuelekezwa na Raj Kapoor. Watazamaji waliimba pamoja na waigizaji, walimzomea mtu mwovu, na kisa kikaendelea kujadiliwa mitaani hata baada ya onyesho. Yalikuwepo pia maonyesho ya wanawake pekee, ambako mama zetu na bibi zetu walijiachia bila ya kuonewa haya. Katika kumbi hizo wimbo ulikuwa wa kila mtu, na aliyekaa kimya ndiye aliyeshangaza.

Jijini Nairobi zilikuwepo kumbi za katikati ya mji na vilevile sinema za magari, mathalani Fox kwenye barabara ya Thika na Belle-Vue upande wa barabara ya Mombasa. Katika sinema za magari, kila familia ilibaki ndani ya gari lake, na spika ndogo ikatundikwa dirishani. Watoto walilia, baba wakatoa maoni, na jirani asisikie lolote. Sinema hizo mbili zilifungwa, na kumbi nyingi za katikati ya miji ya Kenya zikageuzwa kuwa maduka au makanisa.

Kwa upande mwingine, vibanda vya video, ambavyo Watanzania huviita vibanda umiza, vilizaa sanaa nzima ya kuzungumza juu ya filamu. Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya walijipatia sifa kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na nchini Uganda wasimulizi wa aina hiyo huitwa VJ. Anayeketi kibandani ameilipia sauti hiyo. Mtu yuleyule akiingia katika ukumbi wa kisasa wa jijini na kuanza kusimulia, amevunja maafikiano. Kitendo ni kimoja. Kilichotofautiana ni ahadi ambayo mlangoni watazamaji wamepeana.

Rununu na mwangaza wake

Kuanzia mwaka wa 2000, simu za mkononi zilipoanza kuenea nchini, kero mpya iliingia ukumbini. Mwanzoni ilikuwa ni mlio. Baadaye watu walijifunza kuunyamazisha mlio lakini wakasahau kwamba mwangaza nao ni kelele. Jicho la binadamu huhitaji muda kuzoea giza. Skrini ndogo inapowaka safu mbili mbele, jicho huvutwa kwayo hata kama mwenye jicho hataki, na kivuli alichokichora mpiga picha kwa ustadi mkubwa kikapotea. Anayesoma arafa hudhani hamsumbui mtu kwa kuwa hakutoa sauti, kumbe safu zote za nyuma yake zimeshaisoma pamoja naye.

Wenye kumbi wamelishughulikia suala hili kwa njia tofauti. Kampuni ya Alamo Drafthouse, iliyoanzishwa mjini Austin, Texas, mwaka wa 1997, ilijulikana kwa kuwatoa nje wanaozungumza au kutumia simu. Mnamo 2011, mtazamaji aliyetolewa aliiachia kampuni hiyo ujumbe wa simu uliojaa hasira, nayo ikaugeuza kuwa tangazo la kuwaonya wengine. Kinyume chake, mkuu wa kampuni ya AMC alidokeza Aprili 2016 kwamba huenda baadhi ya kumbi zingeruhusu ujumbe mfupi ili kuwavutia vijana. Wateja walipinga vikali, na siku chache baadaye akalifuta wazo hilo.

Shangwe inapopita kiasi

Zipo filamu ambazo hadhira yake hualikwa kupiga kelele. "The Rocky Horror Picture Show" ya mwaka wa 1975 ilianza kuonyeshwa usiku wa manane jijini New York mwaka uliofuata, na mashabiki wake wakazoea kujibizana na waigizaji na kurusha mchele wakati wa harusi. Anayekwenda huko anajua anakokwenda.

Matatizo huzuka pale wengine wanapokuja kuimba na wengine kusikiliza. Filamu ya nyimbo "Wicked" ilipotoka Novemba 2024, kampuni ya AMC iliwakumbusha watazamaji wasiimbe. Kuanzia Desemba 25 mwaka huohuo, maonyesho maalum ya kuimba kwa pamoja yalianzishwa katika kumbi nyingi za Marekani. Aprili 2025, vijana waliotazama "A Minecraft Movie" walirusha bisi na kupiga mayowe kila lilipotamkwa neno fulani lililovuma mitandaoni, hadi kumbi kadhaa za Marekani na Uingereza zikabandika ilani. Baadaye, hata filamu hiyo ilitengewa maonyesho ya kushangilia.

Fauka ya hayo, wapo wasioweza kunyamaza, na si kwa kukosa adabu. Tangu mwaka wa 2007, AMC na chama cha kutetea watu wenye usonji nchini Marekani wameandaa maonyesho ambamo taa haziangazi sana wala hazizimwi kabisa, sauti hupunguzwa, na mtoto anaruhusiwa kusimama, kutembea au kuimba. Suluhisho katika visa hivi vyote ni moja: kila kelele itengewe saa yake, na mnunuzi aarifiwe kabla ya kutoa pesa.

Tiketi inakupa haki gani?

Wengi hujitetea kwa kusema, "Nimelipa." Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ililichambua dai hilo zaidi ya karne moja iliyopita, katika kesi ya Hurst dhidi ya Picture Theatres, iliyochapishwa katika ripoti za kisheria za mwaka wa 1915. Bwana Hurst alikuwa amelipa kiingilio, lakini wahudumu wa ukumbi mmoja jijini London walidhani hakulipa, wakamtoa kwa nguvu. Alishinda kesi na kulipwa fidia ya pauni 150. Mahakama ilishikilia kwamba aliyenunua tiketi ana haki ya kuketi hadi onyesho liishe, mradi tu awe na mwenendo unaofaa.

Sharti hilo ndilo kiini cha mambo. Kesi hiyo si ya Kenya, ingawa sheria zetu zimerithi mengi kutoka Uingereza. Lakini hoja yake inaeleweka popote. Tiketi ya mpiga kelele haina uzito kuliko ya jirani yake. Kama malipo yanampa mmoja haki ya kuzungumza, vivyo hivyo yanampa mwenzake haki ya kusikia filamu, na ukumbi uliuza filamu, haukuuza mazungumzo.

Ufanye nini?

Kwanza, fika mapema. Anayechelewa huwasimamisha watu safu nzima na kuwaziba wengine macho. Pili, zima rununu au ifiche kabisa. Likitokea jambo la dharura, toka nje ukazungumze. Tatu, fungua vifurushi vya chakula kabla ya filamu kuanza.

Nne, zingatia daraja la filamu. Bodi ya kuainisha filamu nchini Kenya hutumia madaraja manne: ya watu wote, ya watoto kuongozwa na wazazi, ya kuanzia miaka 16 na ya kuanzia miaka 18. Mtoto aliyeletwa katika filamu isiyomfaa atachoka, ataogopa, kisha atalia. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na ukumbini hulia pamoja na watu 200 wasiohusika. Mzazi akimtoa mwanawe nje kwa dakika chache, hakuna atakayemlaumu.

Tano, ukikerwa, anza kwa upole. Mara nyingi mtu hajui kwamba anasikika, na neno moja la heshima, "samahani ndugu", linatosha. Lisipotosha, mwite mhudumu na umwachie yeye kazi hiyo.

Ushauri huu wa mwisho si wa kupuuzwa. Januari 2014, katika ukumbi mmoja wa jimbo la Florida, polisi mstaafu mwenye umri wa miaka 71 alimlalamikia mwanamume aliyeketi mbele yake kwa kutumia simu wakati wa matangazo ya kabla ya filamu. Iliripotiwa kuwa mwanamume huyo alikuwa akiulizia hali ya bintiye mdogo. Mzee huyo alikwenda kwa msimamizi, akarudi, na mabishano yakaanza upya. Bisi zilirushwa, bastola ikatolewa, na baba yule akapigwa risasi akafa. Mnamo Februari 2022 mahakama ilimwachilia huru mshtakiwa, lakini familia mbili zilikuwa zimeshaharibikiwa kwa sababu ya arafa.

Kunyamaza pamoja

Kuna wanaodai kwamba utulivu wa ukumbini ni mila ya kigeni ambayo Mwafrika hawezi kuizoea. Dai hilo halina mashiko. Kwa miaka mingi, wimbo wa taifa umechezwa katika majumba ya sinema ya Kenya kabla ya filamu, na watu wasiojuana wamesimama wima gizani pasipo kuamrishwa na askari. Aliyeshika bisi huzishika zisimwagike, na aliyekuwa akizungumza hukatiza sentensi yake.

Watazamaji hao hao ndio wanaoketi dakika moja baadaye. Wameshadhihirisha kwamba wanaweza kutulia kwa ajili ya jambo linalowahusu wote. Kilichobaki ni kukumbuka kuwa jirani aliye kitini, ambaye huenda alidunduliza pesa ili afike pale, naye ni mmoja wao.