Miaka Mia Moja ya Kuzozana na Kipenga

Mwezi Agosti 2025, katika muda wa siku tatu, Harambee Stars walipoteza wachezaji wawili kwa kadi nyekundu katika uwanja wao wenyewe wa Kasarani. Tarehe 7, dhidi ya Angola, alitolewa Marvin Nabwire. Tarehe 10, dhidi ya Morocco, akatolewa Chris Erambo. Mara zote mbili hukumu ilitoka kwenye picha za VAR. Mechi ya kwanza iliisha sare ya 1-1 na ya pili Kenya ikashinda 1-0 ikiwa pungufu, kwa hiyo hasira zikapoa. Zilirudi tarehe 22, katika robo fainali ya CHAN, mashindano ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za nyumbani, Madagascar waliposawazisha kwa penalti baada ya beki wetu kunawa mpira, kisha wakatutoa kwa mikwaju.

Ukipita Tongaren, huku Bungoma, kuanzia Naitiri hadi Ndalu, utakuta watu ambao bado wanalijadili suala hilo la kunawa. Wanaolijadili si wajinga wa soka. Wengi wao wamecheza, wamefundisha timu za shule, au wameshika kibendera pembeni mwa uwanja. Wanachouliza ni kwa nini mkono ule ule, mpira ule ule, huwa penalti Jumamosi hii na Jumamosi ijayo ukaachwa. Ni swali la haki, na lina historia ndefu kuliko wanavyodhani wanaowaita mashabiki hawa walalamishi.

Hapo zamani kule Uingereza soka halikuwa na refa ndani ya uwanja. Kila timu ilikuja na msimamizi wake, na wawili hao wakishindwa kuelewana waliwasilisha ubishi kwa mtu wa tatu aliyesimama nje. Mwamba ngoma huvutia kwake, na wasimamizi wale walivutia kwao. Mwaka 1891 mtu wa tatu akaingizwa uwanjani na kupewa mamlaka yote, wale wawili wakasukumwa kwenye mistari na vibendera vyao, na mwaka huo huo penalti ikazaliwa. Tangu hapo mchezaji na shabiki wamekuwa wakidai kitu kimoja kutoka kwa huyo wa kati: asiwe wa upande wowote.

Sheria iliyowatesa waamuzi kuliko zote ni ya kuotea. Hadi 1925 mshambuliaji alihitaji wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli. Mwaka huo wakapunguzwa hadi wawili, na magoli yakafurika katika ligi ya Uingereza. Mwaka mmoja tu baadaye, 1926, Kenya na Uganda zilianza kugombea Kombe la Gossage, mashindano yaliyolipiwa na mtengenezaji wa sabuni, ambayo ndiyo mzizi wa Kombe la CECAFA. Kwa hiyo soka la kimataifa katika eneo letu lilianza na sheria mbichi, iliyotungwa mbali.

Tongaren yenyewe, kama tunavyoijua, ni zao la uhuru. Mashamba ya walowezi yaligawanywa, familia zikahamia, na pamoja na mahindi na ng'ombe wakaja na mapenzi ya timu. Abaluhya, ambayo leo ni AFC Leopards, iliundwa mwaka 1964, mwaka mmoja baada ya ligi ya taifa kuanza. Gor Mahia ikafuata mwaka 1968. Tangu zama hizo mechi ya timu hizo mbili, iitwayo ya mashemeji, imegawa nyumba hata katika vijiji vilivyo mamia ya kilomita kutoka Nairobi.

Wengi waliifuata kwa redio. Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alikuwa miongoni mwa sauti zilizowapelekea mpira huo, na ni yeye yule aliyekuwa akiuliza taifa zima katika kipindi chake kama jambo fulani ni uungwana. Redio ilikuwa na rehema yake kwa waamuzi. Msikilizaji hakuona kama mguu ulikuwa umezidi mstari. Aliambiwa tu kwamba refa amepuliza, naye akaamini au akakasirika kulingana na timu yake. Hata waliokuwa uwanjani hawakuona yote: kadi za njano na nyekundu, alizobuni refa Mwingereza Ken Aston, zilitumika mara ya kwanza katika Kombe la Dunia la 1970 huko Mexico. Kabla ya hapo mchezaji angeweza kuonywa bila umati kujua.

Runinga iliiondoa rehema hiyo. Wakati huo huo sheria zikaanza kubadilishwa kwa kasi. Mwaka 1990 mshambuliaji aliye sambamba na beki wa pili kutoka mwisho akaacha kuhesabiwa kuwa ameotea. Mwaka 1992 kipa akakatazwa kudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Naona hiyo ya 1992 kuwa mabadiliko bora kabisa ya maisha yetu, kwa sababu kila mtu aliielewa siku ya kwanza: mtoto wa shule ya msingi angeweza kuichezesha bila kukosea.

Kunawa ni hadithi nyingine. Mwaka 2019 wenye sheria walisema goli lolote linalotokana na mkono wa mshambuliaji, hata kwa bahati mbaya, lifutwe, na mkono wa mwenzake aliyetengeneza nafasi uhesabiwe vivyo hivyo. Mwaka 2021 wakaondoa hiyo sehemu ya pili. Beki naye anapimwa kama mkono umeukuza mwili wake isivyo kawaida, na nani atapima kawaida ya mtu anayeruka? Hapo ndipo penalti zetu zote zinazotuumiza zinapotoka. Sheria inayoacha nafasi pana hivyo kwa jicho la mtu mmoja haina budi kuleta maamuzi mawili kwa tukio moja.

Ugumu huo ungevumilika kama watu wangewaamini waamuzi. Nchini kwetu imani hiyo imepigwa mara nyingi. Tarehe 18 Machi 2012, kadi nyekundu ya Ali Abondo wa Gor Mahia katika mechi dhidi ya Leopards ilizusha ghasia Uwanja wa Nyayo, viti vikang'olewa na mchezo ukasimama zaidi ya dakika 20. Juni 2018 uliuma zaidi. Aden Marwa, mwalimu kutoka Migori aliyekuwa ameteuliwa kwenda Kombe la Dunia la Urusi kama mwamuzi msaidizi, alionekana katika filamu ya mwanahabari Mghana Anas Aremeyaw Anas akipokea dola 600. Alijiondoa, na CAF ikamfungia maisha. Mwaka 2020 FIFA ikawafungia wachezaji wanne wa Kakamega Homeboyz, klabu ya jirani zetu, kwa kupanga matokeo. Baada ya hapo, kosa la kawaida la mwamuzi yeyote halikusamehewa tena kama kosa, lilitafutiwa bei.

Hilo ni dhuluma kwa waamuzi walio safi, nao ni wengi. Peter Waweru, mhadhiri wa hisabati, amechezesha katika Kombe la Mataifa ya Afrika la 2019 na mengine yaliyofuata. Mary Njoroge alishika kibendera katika Kombe la Dunia la Wanawake la 2019. Hao walipanda ngazi wakipita viwanja vya vumbi ambako mshabiki anasimama hatua mbili kutoka mstarini, wala hakuna askari.

Wako wanaoamini kwamba VAR ikifika Uwanja wa Sudi pale Bungoma manung'uniko yatakwisha. Yaliyotokea Radès, Tunisia, tarehe 31 Mei 2019 yanakataa. Katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Wydad walifunga goli la kusawazisha dhidi ya Espérance, likakataliwa, wakaomba picha zitazamwe, ikabainika kwamba mitambo haifanyi kazi. Wakagoma kuendelea. Januari 2022, kule Limbe, Kameruni, VAR ikiwa inafanya kazi, mwamuzi Janny Sikazwe alimaliza mechi ya Tunisia na Mali mara mbili kabla ya dakika 90 kutimia. Mashine haikumsaidia kusoma saa.

Kwa hiyo nawaunga mkono wanaodai mambo madogo zaidi. Mabadiliko ya sheria huanza kutumika tarehe 1 Julai kila mwaka. Ya 2025 yalimpa kipa sekunde nane za kushika mpira, akizidisha wapinzani wapewe kona; awali zilikuwa sita, na adhabu ilikuwa mpira wa adhabu usiopigwa moja kwa moja golini, adhabu ambayo waamuzi wengi hawakuitoa kamwe. Refa anatakiwa ainue mkono na kuhesabu sekunde tano za mwisho kwa vidole, kila mtu aone. Haihitaji umeme wala kamera. Inahitaji mtu wa shirikisho afike Kitale na Bungoma kati ya Julai na Desemba, awakusanye waamuzi wa wadi, awaeleze, awape nauli yao siku hiyo hiyo, kisha makocha na manahodha waelezwe jambo hilo hilo kwa maneno yale yale. Mashindano ya vijiji hupamba moto shule zikifungwa na mahindi yakishavunwa. Kipa wa Mitua akipigiwa kona bila kuambiwa kwa nini, nyuma ya goli lake wamesimama baba zake na ndugu zake, na refa wa wadi yuko peke yake.