Kaburi Ambalo Davi Hakuonyeshwa

Ndugu zetu, wiki hii tunaenda mbali kidogo, mpaka msitu wa Amazoni, mpakani mwa Brazil na Venezuela. Huko wanaishi Wayanomami. Tumechagua habari yao kwa sababu ya neno ambalo hata sisi tumeshaambiwa: eti watu fulani "ndo wenye magonjwa".

Mwaka 1967 surua iliingia vijiji vya Wayanomami vya mto Toototobi, upande wa Brazil. Haikutoka msituni. Ilikuja na familia ya wamisionari iliyokuwa imetoka mjini Manaus. Davi Kopenawa, ambaye baadaye alikuja kuwa msemaji mkubwa wa watu wake, alikuwa mtoto wa miaka kama 11. Alipoteza ndugu wengi, na mama yake mzazi. Davi mwenyewe alikuwa amelala mgonjwa. Wamisionari wakamzika mama, na mahali penyewe Davi hakuonyeshwa mpaka leo.

Kwa Wayanomami, maiti haizikwi hivihivi. Inachomwa, mifupa inasagwa, majivu yanatunzwa, kisha jamaa wanakutana kumlilia marehemu mpaka majivu yaishe. Bila majivu, hakuna kilio. Davi amesema akiwa mtu mzima kwamba hajawahi kumlilia mama yake inavyotakiwa.

Sasa mbona surua iliua wengi hivyo? Wapo waliosema damu ya watu wa msituni ni dhaifu. Si kweli. Surua ni ugonjwa wa virusi, na ukishaugua ukapona, kwa kawaida haukurudii. Mahali ilipozoeleka, wazazi waliugua utotoni, kwa hiyo mtoto akishikwa, mama yupo mzima wa kumpa maji. Kwa Wayanomami hakuna aliyewahi kuugua. Yaani baba, mama, bibi na watoto, wote chini kwa wakati mmoja. Nani achote maji? Nani awashe moto, nani aende kuwinda?

Mwaka 1968 surua ilienea upande wa Venezuela, kwenye mto Orinoko. Daktari Mmarekani James Neel alikuwa huko na timu yake, wakawachanja watu. Mwaka 1970 waliandika kwamba sehemu kubwa ya vifo ilitokana na kijiji kizima kuanguka pamoja bila wa kuwahudumia.

Lakini timu hiyohiyo ilichukua damu ya Wayanomami kwa ajili ya utafiti, ikaenda kukaa kwenye friza huko Marekani. Wenye damu wakafa, damu ikabaki. Kwa watu ambao hawaachi chochote cha marehemu, hilo lilikuwa jeraha lingine. Davi na wenzake walidai kwa miaka mingi. Mwaka 2015 zaidi ya chupa 2,600 zilirudishwa Brazil, na damu ile ikazikwa Toototobi, wazee wakilia.

Mngedhani somo limeeleweka. Mwaka 2020, wakati wa korona, akina mama watatu wa Sanöma, ambao ni tawi la Wayanomami, walifiwa na watoto wao wachanga huko Boa Vista. Watoto wakazikwa mjini, mama zao hawakuambiwa wapi. Miaka zaidi ya 50 imepita, jambo ni lilelile.

Sisi tulipofika kambini tulipangwa foleni ya chanjo ya surua, wengine tukanung'unika kwa sababu ya jua na vumbi. Tukumbuke vijiji vile ambavyo chanjo ilichelewa. Na mtu akituambia wakimbizi ndo wanaleta magonjwa, tumuulize kama Wayanomami walimfuata nani mjini. Virusi havichagui kabila. Vinapata nafasi pale ambapo watu wamebanana, hawajachanjwa, na hakuna wa kuwapa maji.

Halafu lipo la Davi. Wengi wetu tuna mtu aliyebaki njiani, kaburi lake hatulijui, au tuliondoka kabla ya matanga. Davi alidai damu ya watu wake mpaka ikarudi, ingawa kaburi la mama hakulipata. Sisi tuanze na kidogo: ulizeni wazee, andikeni jina la mtu wenu na mahali alipoachwa, kabla wanaopakumbuka hawajatutoka.